Impreza ya zamani au WRX ya juzi? Kupima uundwaji wa gari hatua kwa hatua, hapa Mombasa

Mteja akija na Subaru mbili za turbo, moja ya zamani na moja ya juzi, mara nyingi huwa ameshakata shauri. Kagonga mlango, kasikia mlio, basi: "Hii ya zamani bati lake zito bwana, siku hizi wanaunda makopo." Mlio wa mlango hukwambia habari za raba, za kitasa, na kama kioo kina fremu au hakina. Uzito wa bati ni jambo jingine, na uimara wa gari ni jingine tena.

Huu hapa utaratibu ninaoutumia gerejini kulinganisha vizazi vya Impreza WRX, yaani ile ya turbo, na STI, ndugu yake aliye mkali zaidi. Kazi yake kubwa ni kutenganisha mambo mawili ambayo wanunuzi huyachanganya: gari lilivyotoka kiwandani, na gari lilivyotendwa baada ya hapo. Hewa yetu ya chumvi huyafichua yote mawili, ila usipojua pa kutazama utamlaumu mwundaji kwa kosa la fundi wa bodi, au umsifu fundi kwa kazi ya mwundaji.

Hatua ya 1: Hakikisha ni kizazi gani

Logbuku pekee haitoshi, na maneno ya dalali ndiyo kabisa. Fungua boneti utazame ukuta wa bati unaotenganisha injini na kabini. Namba ya chesisi mara nyingi imegongwa hapo. GC8 ni saluni (lenye buti lililojitenga) ya kizazi cha kwanza, kilichoanza 1992. GD ni ya pili, 2000. GR ni hatchi (nyuma imekatika, buti na kabini ni kitu kimoja) ya kizazi cha tatu, kilichoingia 2007, na saluni yake ikafuata kwa herufi GV. Mwaka 2014 WRX iliacha jina la Impreza: hicho ndicho kizazi cha VA, ambamo VAB ni STI, VAG ni ile WRX S4. Kizazi cha VB kikaja 2021.

Ukikuta kibati cha kiwanda kwenye VAB ya 2016 kimeandikwa Fuji Heavy Industries, usishtuke ukadhani ni cha kubandika. Kampuni ilibadilisha jina kuwa Subaru mwezi wa Aprili 2017.

Sasa kumbuka kanuni ya miaka 8 ya magari yaliyotumika yanayoingia Kenya. Maana yake GC8 au GD unayoiona leo iliingia zamani na imekula miaka mingi ya hapa hapa, ilhali VAG ya yadini huenda imeteremka Kilindini majuzi. Ukiziweka sambamba bila kulizingatia hilo, humpimi mwundaji, unapima umri.

Na kuna wale wanaotaka GC8 kwa sababu ya Safari Rally: Colin McRae aliishinda na Impreza 1997, Richard Burns 2000. Nawaelewa, hata mimi damu hunisisimka. Lakini magari yale yalijengwa na kampuni ya Prodrive kule Uingereza, bodi ikachomelewa keji ya mabomba ndani. Uimara ule haukuuzwa dukani.

Hatua ya 2: Tayarisha gari

Asubuhi, kivulini, gari kavu. Lililotoka kuoshwa sasa hivi linadanganya: rangi yote inang'aa. Beba tochi, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, kipimo cha unene wa rangi, noti ya shilingi hamsini au mia, na mpira wa maji.

Hatua ya 3: Mianya na weldi

Simama mbele ya gari, macho yawe usawa wa boneti. Fuata mwanya kati ya boneti na fenda kutoka kwenye taa hadi kwenye kioo cha mbele, kisha ufanye hivyo upande wa pili. Mianya ya GC8 ni mipana kuliko ya VAB tangu kiwandani, na huo si ubovu. Unachotafuta ni tofauti ya kushoto na kulia, au mwanya unaoanza mwembamba ukaishia mpana. Gari lililoundwa vizuri na halijagongwa huwa na mwanya wa aina moja pande zote, hata kama ni mpana.

Halafu tazama boliti zinazoshika fenda na bawaba za boneti. Rangi juu ya kichwa cha boliti ikiwa imebanduka, spana imepita hapo. Inua zulia la buti, toa tairi la akiba, mulika sakafu. Weldi ya kiwandani ni vidoti vya duara, vimebonyea kidogo, vimepangana kwa nafasi zinazolingana. Ukikuta uvimbe uliosagwa na grainda kisha ukapakwa mastiki kwa kidole, gari lilipigwa nyuma.

Kwa lililoingia karibuni, dai karatasi ya mnada wa Japani. Daraja la R au RA ni gari lililotengenezwa baada ya ajali. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mahali palipokarabatiwa, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Muuzaji akikwambia karatasi imepotea, andika hilo pia daftarini.

Hatua ya 4: Rangi

Rangi ya kiwandani kwa magari haya husoma takriban maikroni 100 hadi 150, wakati mwingine chini kidogo. Ikipanda juu ya 200, pamepigwa rangi tena. Ikifika 500 na zaidi, chini kuna fila, ile lipu ya kuzibia vibonyeo. Pima sehemu nyingi: paa kwanza, maana hilo haligongwi ovyo, kisha milango, kisha fenda za nyuma.

Jambo la kuangalia: boneti za turbo nyingi ni za aluminiamu. Sumaku haishiki, na kuna wanunuzi wameondoka wakiamini boneti nzima ni fila. Tumia kipimo kinachosoma aluminiamu pia.

Kuhusu vizazi, rangi ya magari mapya si nene kuliko ya zamani. Boneti ya VAB hujaa vidoti vya mawe upesi sana. Hapa nawaunga mkono wazee wa GC8.

Hatua ya 5: Milango, na hapa usiharakishe

GC8 na GD zina milango ambayo kioo chake hakina fremu. Kioo kinapanda chenyewe na kuegemea raba ya bodi. Kuanzia kizazi cha tatu, 2007, Subaru waliweka fremu. Hiyo ndiyo tofauti kubwa ya mlio wa mlango watu wanayoisikia, na ndiyo sababu ya GD kupiga ule mlio wa kutetema ukiifunga kioo kikiwa nusu.

Weka noti kati ya kioo na raba, funga mlango, kisha uivute taratibu. Ianzie kwenye pembe ya mbele, karibu na kioo cha pembeni, uende ukipanda hadi juu, kisha urudi nyuma. Noti inatakiwa ikaze kwa nguvu ileile kila mahali. Kwa GD iliyokaa jua la Mombasa, kwa kawaida hukaza mbele, ikalegea pembe ya juu nyuma. Ibonye raba hiyo kwa ukucha: ikibaki na alama, imekauka. Ikirudi, basi kioo ndicho kimehama, na hicho hurekebishwa kwa boliti zilizo ndani ya mlango baada ya kutoa ubao wake. Raba imechakaa, kioo kimehama: kasoro mbili, gharama mbili, na ya pili haihitaji kununua kitu.

Kisha mwaga maji. Mpira uelekeze paani, maji yateremke yenyewe kama mvua, dakika chache. Usilenge raba kwa presha. Hata gari jipya litavuja. Ndani, papasa zulia kwa mkono, hasa kwenye miguu ya abiria wa mbele na chini ya siti ya nyuma. VAB ikivuja, nashuku kioo cha mbele kimebadilishwa kwa gundi duni. GC8 ikivuja, natarajia.

Hatua ya 6: Chini ya gari

Inua gari kwa jeki, liweke kwenye standi, usiingie chini kwa jeki peke yake hata dakika moja.

Kuna kutu mbili Mombasa. Ya kwanza imesafiri: gari lililoishi sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, huanza kuliwa kutoka chini, kwenye mabomba ya breki, kiunzi kinachobeba saspensheni ya nyuma na viungo vya ekzosi. Ya pili ni yetu, inakuja na upepo. Hiyo huanzia juu vilevile: kwenye mshono wa paa, ukingo wa kioo cha mbele, vichwa vya boliti ndani ya boneti, pembeni mwa taa za namba. Gari la kulala Nyali upande wa bahari na la kulala Miritini hayazeeki sawa hata yakiwa mapacha.

Sehemu za kulinganisha uundwaji ni zile ambazo maji hukwama. Fenda ya nyuma, ukingo wake juu ya tairi: ingiza kidole kwa ndani ya mkunjo. Kwenye GC8 na GD bati mbili hukutana hapo na matope hujikusanya. Ukisikia magamba, nje patatoboka hata kama rangi bado safi. Panda ndani ya buti, toa ubao wa pembeni, umulike pale shoki ya nyuma inapofungwa juu. Kizazi cha kwanza na cha pili hutumia shoki iliyobeba springi na kusimamia gurudumu lenyewe, kwa hiyo nguvu zote za nyuma hugonga hapo. Kuanzia cha tatu nyuma kuna mikono kadhaa, mzigo umegawanywa. Kutu pale shoki inapofungwa ni sababu ya kuliacha gari, si ya kuomba kupunguziwa bei.

Vizingiti vya milango vina matundu madogo ya kutolea maji chini. Yachokonoe kwa waya. Mara nyingi yamezibwa na fundi aliyepuliza lami nyeusi, na maji yakabaki ndani yakila bati kwa miaka. Ndiyo maana lami mbichi chini ya gari kuukuu hainifurahishi hata kidogo. Gonga kwa mpini wa bisibisi: bati zima linalia, lililoliwa linapiga mlio wa kadibodi.

Kwa hatua hii kizazi cha VA ni bora, na ubora wenyewe ni wa kiwandani. Bati lake ni la chuma kigumu zaidi ijapokuwa si nene, na gari lote limezidi GC8 kwa zaidi ya kilo 200. Yule aliyeliita kopo hajalitazama chini.

Hatua ya 7: Kabini

Zima redio na eisi, funga vioo, pita barabara ya kabro kwa kasi ya kilomita 20 hadi 30 kwa saa. Kabro hutoa milio ambayo lami huificha. GC8 italia dashibodi na viungo vya ubao wa mlango, plastiki imekauka kwa joto. Kizazi cha tatu ndicho kinachonikera: bodi nzuri, plastiki ya ndani rahisi mno. VAB na VAG zina nyuso laini na hazilii. Zikilia, mtu amefungua kuweka redio na kuvunja klipu.

Kisha nenda barabara ya Dongo Kundu, kasi ya kilomita 80 kwa saa, msimu wa kusi upepo ukivuma ubavuni. Milango isiyo na fremu itakwambia yenyewe.

Eabegi usizipite. Zile za kampuni ya Takata, zilizoitwa kubadilishwa duniani kote kwa hitilafu, ziliharibika zaidi kwenye joto na unyevu, yaani hali ya hewa kama yetu, na Impreza za GD na za kizazi cha tatu zimo. Tovuti ya Subaru ya Japani ina sehemu ya kuangalia kwa namba ya chesisi. Angalia kabla ya kulipa.

Hatua ya 8: Injini, kwa kifupi

Mtego mmoja tu. VAB na VAG zina bodi moja lakini injini mbili. VAB ni EJ20 yenye taimingi belti, ukoo uleule wa GC8. Ikikatika, valvu zinapinda. VAG ni FA20 yenye cheni, na Japani iliuzwa kwa giaboksi ya CVT tu, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia. Fundi yeyote mwenye uzoefu hapa anaifungua EJ. FA hupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo kaboni hujikusanya kwenye valvu za kuingizia hewa na wachache wanaisafisha vizuri.

Hatua ya 9: Alama

Chora safu mbili: "kiwandani" na "matunzo". Raba iliyokauka ni matunzo. Kioo kisicho na fremu ni kiwandani. Tundu lililozibwa ni matunzo, mkunjo unaokusanya matope ni kiwandani. Kwangu safu ya kwanza huishia hivi karibu kila mara: VA, kisha GR na GV, kisha GD, GC8 mwisho. Safu ya pili inaweza kupindua yote, na GD iliyotunzwa naichukua mbele ya VAG yenye R kwenye karatasi.

Ukiishanunua ya zamani, wiki hiyo hiyo fungua matundu ya vizingiti, puliza nta ya kuzuia kutu ndani yake, na ubadilishe raba za milango ya mbele. Kabla ya kulipeleka kuoshwa chini, uliza pale wanapooshea maji yao yanatoka wapi. Visima vingi vya mjini ni vya chumvi. Onja tone moja.