SOMO: Kupima jinsi surfakitanti inavyoongeza umumunyifu wa naftalini majini

Swali la "nimeweka sabuni, mbona naftalini haiyeyuki?" limejibiwa humu mara nyingi mno. Naliandika hapa, tuwe tunaelekezana. Naftalini ni zile punje nyeupe za kufukuza nondo; surfakitanti ni dutu ya aina ya sabuni, yenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakwepa.

Molekuli za SDS (surfakitanti tunayotumia hapa) zikiwa chache, kila moja hukaa kivyake, na naftalini hubaki na umumunyifu wake wa kawaida, kama mg 31 kwa lita kwenye nyuzi 25. Zikifika takriban g 2.4 kwa lita hujikusanya, mikia ndani, vichwa nje. Hizo ndizo misela, na naftalini huingia humo.

1. Andaa SDS ya g 0.5, 1, 2, 3, 5 na 8 kwa lita, na maji matupu.
2. Tia naftalini hadi punje zibaki chini.
3. Funga kabisa (naftalini hugeuka mvuke na kupotea), tikisa saa 24 kwenye nyuzi 25.
4. Tenganisha maji na punje. Kazi nyingi huharibikia hapa. Usichuje: kichujio hunyonya naftalini, majibu yatashuka. Tumia sentrifuji (mashine ya kuzungusha sampuli kwa kasi), na kama ina friji iweke nyuzi 25, maana SDS ikipoa chini ya nyuzi 16 hivi huganda chenga nyeupe. Chota katikati, si kwenye povu wala karibu na punje. Punje moja ikiingia kwenye pipeti utaihesabu kama imeyeyuka. Zimua kwa methanoli, USIZIMUE kwa maji: misela ikivunjika, naftalini inaweza kujitenga tena.
5. Soma ufyonzaji wa mwanga kwenye nm 276 kwa spektrofotomita, blanki (sampuli ya kulinganishia, isiyo na naftalini) ikiwa SDS ileile na methanoli. Chora grafu ya naftalini iliyoyeyuka dhidi ya SDS: mstari hulala, kisha hupanda kuanzia pale misela inapoanza.

Kijana_Lab: Mkuu nimetumia sabuni ya unga, hakuna kitu. Tatizo nini?

Mwandishi: Gramu ngapi kwa lita? Halafu sabuni ya unga ina soda na mengine. Rudi hatua ya 1.

Kijana_Lab: Basi nitumie Triton X-100 (surfakitanti nyingine), si ni ileile?

Mwandishi: Si ileile. Ina pete ya benzini, inafyonza mwanga karibu na nm 275. Utakuwa unapima Triton.

Binti_Udongo: Shikamoo mwalimu. Kwenye udongo wenye DDT (dawa ya kuua wadudu), kama ule wa Vikuge kule Kibaha, kiwango kinabaki kilekile?

Mwandishi: Marahaba binti, swali zuri sana. Hakibaki. Udongo hunyonya sehemu ya surfakitanti, kwa hiyo utahitaji zaidi ya g 2.4 kwa lita kabla misela haijatokea kwenye maji. CTAB (surfakitanti nyingine) ndiyo kabisa: ina chaji chanya, udongo wa mfinyanzi una chaji hasi, vinashikana na uchafuzi unang'ang'ania udongoni. Wapo wanaoitumia makusudi kuuzuia usisafiri. DDT nayo ina tabia yake: umumunyifu wake ni mikrogramu chache tu kwa lita, na huongezeka kidogo hata kabla ya misela. Usishangae mstari wako usipolala kabisa.

Fundi_Vioo: Nyongeza: chupa zisuuzwe kwa methanoli kabla ya maji. SDS hubaki kwenye kioo.

Mwandishi: Kweli kabisa, na vizibo pia.