Kukagua uongozi wa shirika la tiba la Wapalestina kabla ya kutuma mchango

Shirika linalopeleka tiba Gaza, Ukingo wa Magharibi au kambi za Lebanoni wengi hulipima kwa picha: ambulensi, boksi la dawa, daktari mwenye fulana ya nembo. Picha haikwambii nani aliidhinisha boksi linunuliwe, nani aliamua lisubiri Misri, wala nani atajibu likipotea. Hayo yamo kwenye nyaraka, na nyingi ziko wazi kwa yeyote mwenye simu na jioni moja ya utulivu.

Maelezo haya ni ya kamati ya msikiti, kikundi cha wanafunzi au ndugu walioko ughaibuni wanaochangishana na wanataka kujua fedha wanamkabidhi nani. Mfano wetu ni Medical Aid for Palestinians ya London, kwa kifupi MAP. Lilianzishwa mwaka 1984, baada ya mauaji ya Septemba 1982 huko Sabra na Shatila, makazi ya wakimbizi wa Kipalestina mjini Beirut. Miongoni mwa waanzilishi ni Dk. Swee Chai Ang, daktari bingwa wa mifupa mzaliwa wa Penang, Malaysia, ambaye siku za mauaji yale alikuwa akifanya upasuaji katika Hospitali ya Gaza mjini Beirut. Njia tunayoeleza inafaa kwa shirika lolote lililosajiliwa Uingereza na Wales. Uskoti ina msajili wake.

Tafuta kwa namba

Majina ya mashirika haya yanafanana kupita kiasi. Ukichanganya "Palestina", "Gaza", "tiba" na "watoto" unapata dazeni nzima, na matapeli wanalijua hilo. Kwa hiyo chukua namba ya usajili, ambayo huandikwa chini kabisa ya tovuti ya shirika. Ya MAP ni 1045315. Nenda kwenye sajili ya Charity Commission, yaani msajili wa mashirika ya hisani, uandike anwani mwenyewe badala ya kubofya kiungo ulichotumiwa WhatsApp, kisha ingiza namba hiyo. Hakikisha mambo matatu yanalingana na tovuti: jina kamili, anwani ya ofisi, na tovuti iliyotajwa kwenye sajili. Namba ya kweli iliyobandikwa kwenye tovuti ya uongo ndiyo mbinu ya kawaida, na herufi moja ya ziada kwenye anwani ya tovuti inatosha kukupotezea mchango wote.

Tarehe ya usajili isikutie wasiwasi ikiwa ni ya karibuni kuliko mwaka wa kuanzishwa. Mashirika mengi hubadili muundo wa kisheria yanapokua, na yakibadili hupewa namba mpya.

Wadhamini

Bofya "Trustees". Hawa ndio wenye shirika mbele ya sheria: wao humwajiri mtendaji mkuu, hupitisha bajeti, na kukiharibika wao ndio huitwa. Kwa kawaida hawalipwi kwa kazi ya udhamini, ila hurudishiwa nauli na gharama kama hizo. Ukurasa utakuonyesha nani mwenyekiti, kila mmoja aliteuliwa lini, na kama anadhamini mashirika mengine.

Tafuta mchanganyiko. Bodi ya shirika la tiba inahitaji daktari au muuguzi aliyewahi kufanya kazi kwenye vita, mhasibu anayeweza kumbana mkurugenzi wa fedha, mwanasheria, na mtu anayeijua Palestina kwa kuishi. Wadhamini watatu ni wachache mno: mmoja akiugua na mwingine akisafiri, mambo hubaki kwa mtu mmoja. Kanuni za utawala bora za mashirika ya hisani Uingereza zinataka mdhamini anayezidi miaka tisa atolewe maelezo kwa nini bado yupo. Mwanzilishi aliyekalia kiti cha mwenyekiti miaka ishirini huenda ni mtu safi kabisa, lakini bodi yake imeshazoea kusema "ndiyo, mzee".

Jina la mtendaji mkuu usishangae ukilikosa hapa. Yeye ni mwajiriwa, na kwa kawaida si mdhamini. MAP iliongozwa na Melanie Ward hadi alipoingia kwenye siasa. Julai 2024 alichaguliwa mbunge wa Cowdenbeath and Kirkcaldy kwa tiketi ya chama cha Labour. Kwa hiyo andiko lolote la zamani linalotaja mtendaji mkuu lichunguze tarehe yake kwanza. Usiwachanganye pia na walezi. Mlezi ni jina la heshima la kupamba barua. Hana kura, na lordi kwenye nembo hakuhakikishii kwamba risiti zinakaguliwa.

Hesabu, kurasa nne tu

Nenda "Accounts and annual returns". Shirika lina miezi 10 tangu mwaka wake wa fedha ufungwe kuwasilisha hesabu, na likichelewa sajili huonyesha. Kuchelewa mara moja kunaweza kuwa ajali. Miaka mitatu mfululizo ni tabia.

Pakua hesabu za karibuni. Zinaweza kufika kurasa sitini, usizisome zote.

Ukurasa wa kwanza wa kusoma ni maoni ya mkaguzi. Unataka maoni yasiyo na "isipokuwa". Mkaguzi akiandika kwamba hakuweza kuthibitisha kitu fulani, soma aya hiyo mara mbili. Kwa shirika linalotumia fedha Gaza inaweza kuwa kweli kwamba jengo limeanguka na faili limo ndani. Unachopima ni kama viongozi wamelieleza hilo wenyewe kwenye taarifa yao au wamemwachia mkaguzi aliseme.

Wa pili ni maelezo ya mishahara. Wafanyakazi wanaopata zaidi ya pauni 60,000 kwa mwaka huorodheshwa kwa makundi ya pauni 10,000. Usikimbilie kukasirika. London ni ghali, na mtu wa kuendesha shirika la mamilioni hapatikani kwa posho. Linganisha na shirika la ukubwa uleule, kisha angalia mishahara ya juu ilipandaje ukilinganisha na mapato.

Wa tatu ni miamala na watu wa karibu. Hapa ndipo inapoonekana kampuni ya shemeji ya mdhamini ikiuza dawa kwa shirika. Muamala uliotajwa wazi, na mdhamini husika akatoka nje wakati wa kupiga kura, si kosa. Kosa ni uliofichwa.

Wa nne ndio unaopotosha watu wengi: jedwali lenye safu mbili, fedha zenye masharti na zisizo na masharti. Fedha zenye masharti ni zile mchangiaji alizosema "za Gaza tu" au "za figo tu", na shirika haliruhusiwi kuzihamishia kwingine. Tuseme liliingiza pauni 900,000 za Gaza likatumia 300,000. Mwisho wa mwaka linabaki na 600,000. Mitandaoni hilo litaitwa kukalia pesa za wagonjwa. Lakini kivuko cha Rafah, kati ya Gaza na Misri, kilifungwa Mei 2024 majeshi ya Israeli yalipokitwaa upande wa Palestina, na mzigo ukikwama fedha hukwama nao. Bodi nzuri huandika kiasi kilichobaki, kilichokizuia, na kitatumika kwa nini. Bodi inayokaa kimya juu ya salio kubwa, hiyo ndiyo ya kuulizwa.

Nani anaamua kule kwenyewe

Karatasi za London ni nusu tu. Nusu ya pili haimo kwenye sajili, na ndiyo inayookoa maisha: mamlaka waliyopewa walioko Gaza, Ramallah na Beirut. MAP lina ofisi kote huko, na kazi nyingi hupitia hospitali na mashirika ya wenyeji. Shirika lisilo na ofisi huko si lazima liwe la uongo, lakini lieleze nani anapokea mzigo na anasaini wapi.

Swali la kwanza ni ukomo wa manunuzi. Mkuu wa ofisi ya Gaza anaweza kununua kwa kiasi gani bila kusubiri London? Intaneti ikikatika siku tatu na hospitali ikaishiwa dawa ya usingizi, ukomo mdogo mno huua. Ukiwa mkubwa mno bila saini ya pili, wizi hupata mlango. Jibu zuri hutaja kiasi, idadi ya saini, na muda ambao London inatakiwa kujibu.

La pili: nani anaweza kuukataa mzigo? Chukua katoni ya insulini. Inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi kutoka kiwandani hadi wodini. Watu huhofia joto peke yake, kumbe kuganda ni hatari vilevile: vichupa vilivyogusana na pakiti za barafu huganda, na insulini iliyoganda haifai hata ikiyeyuka na kuonekana safi kama maji. Ndani ya katoni huwekwa kifaa kidogo kinachorekodi joto njia nzima. Mfamasia wa kule anakisoma, anaona dawa ilikaa muda wa saa sita chini ya nyuzi sifuri, wakati London imeshatangaza kwamba dawa zimefika. Kama mfamasia huyo hana madaraka ya kuandika "imekataliwa" pasipo kibali cha mkurugenzi wa mawasiliano, shirika hilo lina kasoro ya uongozi, hata makatoni yakiwa mengi kiasi gani.

Hapohapo uliza orodha ya mahitaji inatoka wapi. Wizara ya Afya Gaza huhesabu dawa kuwa imeisha pale akiba inapobaki chini ya mwezi mmoja, na viongozi makini huagiza kwa kufuata orodha hiyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani juu ya misaada ya dawa unataka dawa ifike ikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda. Anayejisifu kwamba amekusanya dawa zilizobaki majumbani hajausoma. Vifaa kama mitungi ya oksijeni, jenereta na mashine za eksirei hukumbana na vizuizi vya Israeli kwa hoja kwamba vinaweza kutumika kijeshi, kwa hiyo viongozi waliozoea huomba vibali mapema na huwa na mpango wa pili.

La tatu ni usalama wa watumishi. Tarehe 18 Januari 2024 ndege ya Israeli ilishambulia makazi ya al-Mawasi, Gaza, walikokuwa madaktari wa timu ya MAP na shirika la misaada la International Rescue Committee, ingawa mahali pale palikuwa pamearifiwa rasmi kwa jeshi. Baadhi walijeruhiwa. Kwa hiyo usiulize tu kama shirika "lina sera ya usalama". Kila mtu anayo kwenye droo. Uliza nani ana amri ya kuiondoa timu, na kama muuguzi mzaliwa wa Gaza anapata bima na matibabu sawa na daktari aliyetoka Manchester.

La nne ni gumu, na jibu la ukweli huwa refu. Machi 2025 Israeli ilileta kanuni mpya za kusajili mashirika ya kimataifa, ikidai pia taarifa za wafanyakazi wa Kipalestina. Kutoa majina kunaweza kuwahatarisha watu. Kukataa kunaweza kulifungia shirika mlango. Uliza bodi iliamua nini na iliwashirikisha vipi wafanyakazi wenyewe. Hapa hatuna jibu moja sahihi la kukupa, ila shirika ambalo bodi yake haijawahi kulijadili halijui liko wapi.

Kuandika barua

Andika barua pepe kwa anwani ya ofisi iliyoko kwenye sajili. Jitambulishe kwa mistari miwili, taja kiasi mnachokusudia kutoa, kisha maswali yasiyozidi matano. Ukiuliza kumi na tano utajibiwa na kipeperushi. Wape siku 10 za kazi wajibu. Vita vikipamba moto, ongeza. Jibu zuri huwa na namba, cheo cha mtu, au "hilo hatuwezi kulisema kwa sababu ya usalama wa wafanyakazi", nalo ni jibu halali. Jibu bovu hukushukuru kwa moyo wako wa huruma, likamalizia kwa kiungo cha kuchangia.

Kama fedha ni ya zaka, sema tangu mwanzo. Uliza kama ina mfuko wake peke yake, kama gharama za uendeshaji hukatwa humo, na nani aliyetoa fatwa. Wakisema zaka na sadaka huingia kapu moja, wapelekeeni sadaka, zaka itafutieni pengine.

Kutuma

Hapa ni haraka. Jina la akaunti lilingane na jina la kwenye sajili. Msitume kwa namba ya simu ya mtu binafsi, hata akiwa imamu au mwakilishi. Kama ni Paybill au Lipa Namba, jina linalotokea kabla ya kuthibitisha liwe la taasisi. Mlioko Uingereza na mnalipa kodi, jazeni fomu ya Gift Aid: kwenye kila pauni 100, shirika hudai 25 zaidi serikalini bila nyinyi kuongeza kitu. Michango iliyochangwa na watu wengi haiwi ya mtu mmoja kwa sababu tu yeye ndiye aliyetuma, kwa hiyo kila mchangiaji ajaze fomu yake.

Mtakaotaka fedha iende kwa kazi maalumu, andikeni sharti hilo kabla ya kutuma. Likija baada ya fedha kuingia, shirika halifungwi nalo. Ongezeni mstari mmoja: "Ikishindikana, itumike penye uhitaji mkubwa zaidi wa tiba." Bila mstari huo, mlango wa mpakani ukifungwa fedha yenu itabaki benki, na mtakaporudi mwakani kwenye lile jedwali la safu mbili mtaikuta palepale.