Kupata Mawazo ya Kupanga Karakana ya Useremala

Kabla ya kuchora ramani ya karakana yako, watembelee mafundi wa Keko jijini Dar es Salaam au Gikomba jijini Nairobi, na kwa ridhaa yao ufuatilie ubao mmoja tangu unapoegemezwa ukutani hadi unapopigwa msasa. Chunguza hasa msumeno wa meza, kwani kupasua plaiwudi ya futi 8 kwa 4 kwa urefu wake kunahitaji zaidi ya futi 8 zilizo wazi mbele ya msumeno na nyingine kama hizo nyuma yake, jambo ambalo picha nzuri za mtandaoni huficha. Penye ufinyu, msumeno huelekezwa mlangoni ili ubao mrefu upate kutokezea nje. Sehemu ya kupaka vanishi itengwe na vumbi. Kisha kata vipande vya karatasi kwa vipimo vya mashine zako, vilivyopunguzwa kwa uwiano uleule wa mchoro, uvisogeze juu ya mchoro wa sakafu.