Namba ya gari ya muziki wa klasiki: jinsi ya kuchagua isije ikakuaibisha

Ukiwa unajichagulia maandishi ya namba ya gari lako na unataka yahusu muziki wa klasiki, usianze na majina ya watunzi kama MOZART wala BACH, hizo wajanja waliwahi zamani, na hata ukibahatika kuipata utaonekana una duka la piano. Anza kwanza kwa kujua una nafasi ngapi za herufi na tarakimu, mara nyingi ni saba hivi au pungufu, afu ndo uanze kuota.

Mi utamu nauona kwenye namba za katalogi, yaani orodha ya kazi zote za mtunzi, kila kazi na namba yake. Kazi za Mozart zinahesabiwa kwa K (ni Köchel, jamaa aliyeziorodhesha), kwa hiyo K525 ni ile Eine kleine Nachtmusik ya mwaka 1787, herufi moja na tarakimu tatu basi, anayejua atatabasamu kwenye foleni na asiyejua ataona ni namba ya kawaida tu. Bach yeye ana BWV, BWV988 ni Goldberg, kazi yake ya kinanda, na BWV1007 ni ile ya selo (kama fidla kubwa) peke yake, sweti ya kwanza, yaani mfululizo wa vipande vya dansi, inajaza nafasi saba kamili utadhani alijua. Ukiwa na BMW ukabandika BWV watu watafikiri umekosea kuandika, na hiyo ndo raha yenyewe, ila jiandae kueleza kila ukisimama. Schubert ni D, Vivaldi ni RV, RV269 ni Majira ya Kuchipua kutoka kwenye Majira Manne.

Lakini soma namba ni ya kazi gani kabla hujaipenda! K626 inakaa vizuri sana kwa macho, tatizo ni Requiem, yaani misa ya wafu, na Mozart mwenyewe alifariki 1791 hajaimaliza, sasa wewe unataka kusafiri usiku na hiyo kitu mbele ya gari? Mi hapana.

Namba za opus (namba za kazi za mtunzi, kifupi chake OP) nazipenda kidogo tu. OP67 ni Simfoni ya Tano ya Beethoven, sawa, ila O na sifuri vinafanana, kuna sehemu hawakubali kabisa herufi O au I kwa sababu hiyo, kwa hiyo uliza mapema usije ukapenda kitu ambacho hakipo.

Maneno ya muziki, ya kasi na mengineyo, yanafaa kama una roho ya utani. LARGO ni polepole sana, weka kwenye gari kuukuu linalopanda mlima kwa dua. PRESTO, yaani haraka sana, kwenye gari lenye mbio ni kumwita trafiki kwa jina. TACET, yaani ala inyamaze, ni ya gari la umeme na hapo sina mjadala. FUGA ni neno zuri la muziki, aina ya utunzi ambapo sauti zinafuatana, ila kwa Kiswahili watakuuliza unafuga nini, kuku au ng'ombe. Na usikate neno ovyo ili litoshe, RITARD ni kifupi halali cha kupunguza mwendo lakini msomaji wa Kiingereza ataona tusi la "retard" na ombi litarudishwa.

Kuna kingine watu hawakifikirii, herufi A mpaka G ni nota, kwa hiyo neno lolote la herufi hizo linapigika kwenye kinanda. DADA inapigika, BABA inapigika, BEBA iko poa kabisa kwa pikapu. Wajerumani wana H pia, kwao B ni B bemoli (B iliyoshushwa nusu toni) na H ndo B yetu ya kawaida, ndo maana Bach aliweza kuliingiza jina lake mwenyewe kwenye muziki. Kaa kwenye kinanda ujaribu kwanza, BABA ni nota mbili zinapishana tu kama king'ora, BEBA angalau ina mruko.

Ukishapata mbili tatu, ziandike kubwa kwenye karatasi, bila nafasi katikati, mpe mtu asiyejua muziki azisome kwa sauti kutoka hatua kama ishirini. Akisoma kitu cha aibu, futa. Akishindwa kusoma K525 hana macho huyo, tafuta mwingine. Afu peleka ombi na chaguo la akiba, mi ningepanga BWV1007 kwanza, K525 pili, BEBA tatu.