Treni ya Mpanda: jinsi ya kuipanda na kuiunga na TAZARA

Wapenzi wa treni wengi wakifika Tabora wanakimbilia Kigoma au Mwanza, ile ya Mpanda wanaisahau kabisa na ndo tamu kuliko zote kwa maoni yangu.

Kutoka Dar panda SGR (ile treni mpya ya umeme) mpaka Dodoma, hapo unabadilisha kwenda reli ya zamani, yaani reli ya kati, na angalia stesheni sio moja, kwahiyo weka hela ya bodaboda na muda wa kutosha. Ukifika Tabora ulizia dirishani treni ya Mpanda inatoka lini, haiendi kila siku na ratiba hubadilika, hasa masika, so usipange kwa kusikia tu. Kata behewa la kulala kama lipo, beba maji, tochi na pawabanki. Tawi la Mpanda linachepuka Kaliua, toka hapo ni misitu ya miombo mwanzo mwisho, treni ikisimama wauza asali na karanga wanakuja mpaka dirishani, andaa chenji mkononi. Daraja la mto Ugalla usilale, kaa macho.

Mpanda reli inaishia hapo. Usirudi nyuma, panda basi kupitia Sumbawanga mpaka Tunduma, lami tupu, halafu TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia) urudi nayo Dar (piga simu kwanza ujue kama treni ya abiria inatembea). Hizi reli haziingiliani, ya kati upana wake mita 1, TAZARA milimita 1067, ndo maana hata Kidatu zinapokutana mizigo inahamishwa behewa kwa behewa.