Inveta ikiandika 04, usikimbilie kununua betri

Ukinipigia simu ukaniambia "fundi, sola imekufa", swali langu la kwanza ni moja: inveta, lile boksi la ukutani linalogeuza umeme wa betri na paneli kuwa wa kutumia nyumbani, imeandika namba gani? Wengi hawana jibu, kwa sababu ilipoanza kupiga kelele waliiwahi swichi wakaizima, na ikizimwa namba inaondoka nayo. Kwa hiyo kabla hujagusa kitu, piga picha kioo cha inveta. Kisha kumbuka ulikuwa umewasha nini wakati huo.

Kazi zangu nyingi ziko Kigamboni, Dar es Salaam. Inveta ninazokutana nazo sana ni hizi zinazouzwa Kariakoo, nembo mbalimbali kwa nje lakini ndani ukoo mmoja, na namba zao zinalingana. Kama yako ni ya ukoo mwingine, fungua kijitabu chake, maana 04 ya kwako huenda ina maana nyingine kabisa.

Tazama pia namba inavyowaka. Ikiwa inawaka na kuzima, hilo ni onyo, na inveta bado inafanya kazi. Ikiwa imetulia na umeme wa nyumba umekatika, hiyo ni hitilafu na imejizima kujilinda. Halafu ujue kwamba namba haitaji kifaa kilichoharibika. Inataja kile ambacho inveta imekiona kutoka pale ilipokaa ukutani.

Mwaka jana mama mmoja wa Kibada, anayeuza barafu na samaki, aliniita. Mfumo wake ni wa volti 24, betri mbili za volti 12 zimeunganishwa mfululizo. Kila usiku friza ikianza kunguruma, inveta inaandika 04, yaani volti ya betri iko chini, kisha inazima. Alikwishaambiwa betri zimekufa, anunue mpya. Alikuwa ameshaanza kukusanya hela.

"Mama, nipe pasi yako," nikamwambia.

"Pasi ya nini tena, mwanangu?"

Nilitaka mzigo mzito usiobadilika. Nikaichomeka, nikaweka mita ya kupimia volti kwenye vichwa vya betri zenyewe: volti 24.3. Nikahamisha mita kwenye skrubu za inveta, pale waya wa betri unapoingia: 21.1. Volti tatu zimepotea njiani, kwenye waya usiofika mita mbili! Betri zilikuwa nzima. Nikazima kila kitu, nikafungua kichwa cha waya wa chanya: kutu ya kijani, nati inazunguka kwa vidole, na plastiki ya waya imeanza kuwa kahawia. Upepo wa bahari hula shaba taratibu. Nikasugua kwa msasa, nikakata kipande kilichoungua, nikabana kichwa kipya, nikakaza kwa spana namba 13 na kupaka grisi juu. Nikapima tena na pasi ileile: tofauti haikufika hata nusu volti. Usiku ule friza ililala inafanya kazi.

Ndiyo maana nasisitiza: ukiona 04, pima sehemu mbili, mzigo ukiwa umewaka. Kama volti zimeshuka sawasawa kwenye betri na kwenye inveta, hapo ndipo uanze kuzungumzia betri yenyewe, au paneli zisizoichaji vya kutosha kwa sababu ya vumbi na kivuli cha mwembe.

07 ni mzigo kuzidi. Hapa hesabu wati, na usisahau mota. Pampu ya maji ya nguvu farasi moja ni wati 746 za kazi, na umeme inaovuta ikiwa imeshachanganya huzidi hapo, lakini wakati wa kuanza huvuta mara kadhaa ya hizo. Usiiwashe pamoja na jagi la umeme.

05 mara nyingi ni shoti. Zima breka zote za nyumba, washa inveta peke yake. Ikikaa sawa, pandisha breka moja moja. Ile itakayoirudisha 05 ndiyo yenye ugonjwa. Ikiandika 05 bila mzigo wowote, tatizo liko ndani ya inveta.

02 ni joto. Kwa jua letu la Februari, inveta iliyobanwa stoo chini ya bati haina pa kupumulia. Iachie sentimeta 20 pembeni, 50 juu na 50 chini, na ufute vumbi kwenye matundu ya feni ikiwa imezimwa. 01 ni feni yenyewe kukwama. Nimeshatoa mjusi mkavu humo.

03, volti ya betri kupita kiasi, chunguza kwanza kama umechagua aina sahihi ya betri kwenye mipangilio. Baada ya kuongeza paneli, ogopa zaidi volti za paneli. Paneli ya wati 550 hutoa karibu volti 50 ikiwa haina mzigo. Tatu mfululizo ni 150, na zipo inveta ambazo mwisho wake ni 145. Nyingine hupokea hadi 500. Soma kibandiko cha ubavuni kabla fundi hajapanda juu ya bati.

Namba kama 08, 09, 52 na 53 ni za saketi za ndani. Jaribu kuizima na kuiwasha mara moja tu. Ikirudi, usifungue kifuniko: humo kuna kapasita zinazobaki na umeme hata baada ya kuzima, na paneli zinaendelea kuleta volti muda wote jua likiwapo.

Kuzima kuna mpangilio wake: ondoa mizigo, zima inveta, kata umeme wa gridi, kata breka ya paneli, betri iwe ya mwisho. Usitoe betri paneli zikiwa bado zinaleta umeme. Subiri dakika kumi. Kuwasha anza na betri. Namba ikirudi, nitumie ile picha, idadi ya betri, na kile ulichokuwa umewasha, nijue nije na kifaa gani.