Kufunga doksorubisini kwenye polima ya HPMA

Doksorubisini, dawa ya saratani yenye rangi nyekundu, ikidungwa peke yake husambaa mwili mzima, na moyo ndio unaoumia. Ikishikizwa kwenye polima (mnyororo mrefu wa molekuli ndogo ziitwazo monoma) inayoyeyuka majini, kama ile ya HPMA (haidroksipropili methakrilamidi), hudumu zaidi katika damu, na hujikusanya kwenye uvimbe ambao mishipa yake huvuja. Kiungo kizuri kati ya dawa na polima ni haidrazoni: huhimili pH 7.4 ya damu, hukatika kwenye pH 5 ndani ya lisosomu, vifuko vya kumeng'enyea vya seli.

Chagua polima ya daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 30,000 hadi 40,000. Ikizidi 50,000 hivi figo haziwezi kuitoa, na uti (mnyororo mkuu) wa HPMA hauvunjiki mwilini.

Yeyusha miligramu 100 za kopolima (polima ya monoma za aina zaidi ya moja) yenye haidrazidi, kundi linaloishika dawa kwa haidrazoni, kwenye asilimia 8 ya monoma zake katika mililita 1 ya methanoli kavu. Tia miligramu 11 za doksorubisini haidrokloridi na maikrolita 50 za asidi asetiki. Bila asidi hiyo mmenyuko hujikokota. Funga chupa kwa karatasi ya alumini, maana mwanga huiharibu dawa, kisha koroga saa 24 kwa joto la chumba. Haidrazidi hapo ni karibu mara tatu ya dawa, ndiyo maana dawa nyingi hushika. Usishawishike kujaza zaidi: dawa haipendi maji, na ikizidi minyororo hugandana.

Wengi huharibu kazi kwenye kusafisha. Usafishaji wa utando ndani ya maji unaonekana rahisi, lakini haidrazoni huachia polepole majini, hivyo unaondoa dawa huru (isiyofungwa) huku nyingine ikizaliwa. Pitisha mchanganyiko kwenye safu ya Sephadex LH-20 (punje zinazotenganisha molekuli kwa ukubwa) kwa methanoli. Wekundu wa kwanza kushuka ni polima. Dawa huru hufuata nyuma. Kusanya ule wa kwanza tu, udondoshee kwenye ethili asetati, chuja mashapo, yakaushe kwa ombwe na uyahifadhi gizani kwenye −20°C.

Spektrofotometa (kipima ufyonzaji wa mwanga), kwenye nanomita 480 hivi, hupima wekundu wote bila kujua upi umefungwa. Kwa hiyo weka tone kwenye bamba la silika kwanza: polima hubaki palepale, dawa huru hupanda. Ukiona doa juu, rudia safu. Kisha pima uachiaji kwa 37°C: kwenye bafa (kimiminika kinachoshikilia pH) ya pH 5 dawa nyingi itoke ndani ya siku moja, kwenye 7.4 itoke kidogo tu. Ikivuja 7.4, shuku dawa huru iliyobaki kabla ya kulaumu kiungo.

Glavu mbili na kabati la kuvuta hewa ni lazima. Mabaki yote yapelekwe kuchomwa kama taka za dawa za saratani.